Bibi Titi Mohamed: ni ngoma, dini au talaka iliyowaleta wanawake TANU?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, salaam. Nafundisha historia sekondari, na wiki hii nimeulizwa darasani swali ambalo kitabu cha kiada hakinisaidii. Binti mmoja wa kidato cha tatu kauliza hivi: Bibi Titi kazaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akaozwa na miaka 14, shule yake ya msingi tu, hakuwa mke wa mkubwa yeyote, na mpaka 1955 hajawahi kupanda jukwaa la siasa. Sasa iweje kufikia Oktoba mwaka huohuo wanawake wapatao 5,000 wawe na kadi za TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kwa kazi aliyoiongoza yeye? Kazi ile aliisomea wapi?

Nilimjibu: ngoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Kikundi cha ngoma cha akina mama wa mjini miaka ile kilikuwa na kila kitu ambacho chama kinakihitaji: kiongozi anayesikilizwa, mchango, sare, siku maalumu ya kukutana, na mahasimu mtaa wa pili ambao lazima washindwe. Alipokabidhiwa wanawake wa TANU hakuanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Aliwafuata viongozi wa vikundi vingine, nao wakaja na watu wao. Mwanahistoria wa Marekani, Susan Geiger, aliyezungumza na Bibi Titi mwenyewe mwaka 1984, naye anaelekea upande huohuo.

Yule binti hakuridhika. Kasema, "Mwalimu, ngoma zilikuwepo miaka yote, mbona kabla ya hapo hazikudai uhuru?" Na kweli, mbona? Karibuni.

#2 Fundi Redio
Mwanafunzi kakubana pazuri. Nipo, nasoma.

#3 MamaTausi
Mwalimu, dini umeiacha nje ya mlango kabisa. Dar ile ilikuwa mji wa Kiislamu, na Bibi Titi ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Mke wa mtu hatoki kwenda kukaa uwanjani kumsikiliza mwanamume asiyemjua kwa sababu tu kiongozi wa ngoma kamwita. Anatoka kwa sababu mume ameridhia, na mume ameridhia kwa sababu masheikh wake hawaoni ubaya. Sheikh Hassan bin Ameir, mwanazuoni mkubwa kuliko wote mjini wakati ule, alikuwa upande wa TANU waziwazi. Mlango ule ukifunguka, mwanamke anapita.

Bibi yangu mzaa mama alinihadithia kwamba babu alikataa katakata mwanzoni. Ijumaa moja karudi msikitini, kala chakula chake kimya, halafu akamwambia, "Hayo mambo yenu ya kadi, sina neno." Bibi hakuwahi kucheza ngoma maishani mwake. Alikuwa mtu wa maulidi na kisomo cha wanawake, na kadi alikuwa nayo. Kwa hiyo hesabu yako ya vikundi vya ngoma haimpati mtu kama yeye.

#4 Ilala Bungoni
Nakubaliana na MamaTausi kwamba tuanzie kwa waume, ila sababu yangu ni nyingine. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka unaowazuia watumishi wa serikali Waafrika kujiingiza kwenye siasa. Karani, mwalimu, tarishi, mtu wa forodhani aliye kwenye mshahara wa serikali, wote wakafungwa mdomo. TANU inazaliwa 7 Julai 1954, na wasomi wengi wa mjini hawawezi kuonekana nayo hadharani. Nani kabaki? Wafanyabiashara wadogo, madereva, wazee wasio na ajira ya serikali, na wanawake.

Babu yangu alikuwa karani. Hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja kabla ya Uhuru, ila kila jioni ya mkutano bibi anatoka na kanga yake, na akirudi babu anataka kusimuliwa neno kwa neno. Kadi ya bibi ilikaa ndani ya sanduku la kanga, na nyumba nzima tulijua kuwa ile ni kadi ya watu wawili. Tena mke wa karani hahitaji kuogopa kufukuzwa kazi. Mkoloni mwenyewe ndiye aliyewasukuma wanawake mbele.

#5 Mzee Kirungu
Vijana, hamjambo. Ilala Bungoni, waraka wa 1953 ni kweli na ulibana sana, lakini haumgusi Bibi Titi mwenyewe. Mumewe wa wakati ule, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi, si mtumishi wa serikali, na hakujificha nyuma ya kanga ya mke. Walichukua kadi pamoja: Boi namba 15, Bibi Titi namba 16. Aliyewaingiza ni Schneider Plantan, mwanaharakati wa TANU hapo mjini. Kwa hiyo hapa tunazungumza juu ya mume aliyetangulia, mke akafuata kwa namba moja tu.

Na msisahau bahati. Mwaka 1955 alikuja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza kuangalia hali ya Tanganyika. Wanaume wamejaa, yeye akauliza wanawake wa chama wako wapi. Swali gumu hilo, maana idara ya wanawake yenye watu haikuwepo. Wanaume wa TANU walipofikiria kuwaleta wake zao wakaona haya, au hofu, mimi sijui. Akatafutwa Bibi Titi. Bila mgeni yule kuuliza, huenda wanaume wetu wangekaa miaka mingine kadhaa bila kuona kuwa nusu ya watu haipo mkutanoni.

#6 Kijana wa Temeke
Mzee Kirungu shikamoo. Mimi nilijua Bibi Titi ni mmoja wa waasisi waliokaa kikao cha 7 Julai 1954. Na bibi zetu wanasema sauti ile alifundishwa na Siti binti Saad mwenyewe, yule mwimbaji wa taarabu, ndiyo maana akiimba uwanja unanyamaza.

#7 Dada Zuhura
Kijana wa Temeke, yote mawili hapana. Kikao cha kuasisi TANU kilikuwa cha wanaume watupu. Bibi Titi kajiunga baadaye, na ndiyo maana swali la Hatch liliwabana. Na Siti binti Saad alikuwa mtu wa Unguja, amefariki Julai 1950. Sifa yake ilivuka maji kwa santuri, zile za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, kwa hiyo kusikika Dar alisikika, na sina shaka wasichana wengi wa Dar walizikariri nyimbo zake. Ila kumkalisha Bibi Titi chini na kumfundisha, hilo halipo.

#8 Kijana wa Temeke
Shukrani dada. Basi tuseme alimsikia kwenye santuri, nalo si dogo.

#9 Mrufiji Halisi
Mnazungumza Dar, Dar, Dar. Huyo alikuwa mbunge wetu wa Rufiji. Jasiri wa namna ile hatoki penginepo, anatoka kwenye watu waliozoea mto wenye mamba. Mkimkumbuka mtutaje.

#10 Msafiri Moshi
Mrufiji Halisi, kabla hujamdai, tueleze mwaka 1965 mlimfanyia nini. Si ninyi mliomnyima kura akapoteza kiti? Leo mnampigia vigelegele.

Nirudi kwenye mada. MamaTausi, dini naiheshimu, ila hoja yako inaishia Pugu, hapo nje kidogo ya Dar. Kwetu Kilimanjaro alikuwepo Lucy Lameck, amezaliwa 1934, muuguzi, akaenda kusoma Ruskin College kule Oxford, akaja kuwa mbunge na naibu waziri. Huyo hakupita kwa masheikh wala kwa lelemama, ngoma ya akina mama wa pwani. Mama zetu wa milimani waliingia kwa njia ya ushirika wa kahawa, kwa njia ya vikundi vya akina mama makanisani, na wengine kwa sababu ndugu yao wa kiume alikuwa mkereketwa. Kama sababu ni Uislamu wa mjini, sisi tulipitia wapi?

#11 MamaTausi
Msafiri Moshi, soma tena swali la binti. Kauliza juu ya Bibi Titi na wale wa kwanza, na wale wa kwanza walikuwa wa Dar na pwani. Sikusema ni dini moja tu inayoweza. Nilisema mwanamke wa wakati ule alihitaji mlango wa heshima wa kupitia. Kwenu mlango ulikuwa kanisa na ushirika, kwetu ulikuwa maulidi na neno la sheikh. Umenisaidia hoja, asante.

#12 Msafiri Moshi
Umenigeuzia kibao taratibu kabisa. Haya, nasubiri.

#13 Binti Kisarawe
Nimesoma yote na naona mnazungumza juu ya waume kana kwamba kila mwanamke alikuwa naye. Tuangalie maisha yake. Baba yake hakutaka asome, na ni baada ya baba kufariki ndipo mama yake alipompeleka shule. Miaka 14 anaozwa kwa fundi makanika ambaye hakuwa amemjua. Anazaa binti, ndoa inavunjika, anaachwa. Akaolewa tena baadaye. Kwa hiyo huyu wa 1955 si mwali wa ndani anayengoja ruhusa. Ni mwanamke aliyekwishajua kuwa mume anaweza kuwepo leo na kesho asiwepo, na maisha yanaendelea, mtoto anakula.

Wanawake wengi waliomfuata walikuwa wa aina hiyo: watu wazima, wameshapewa talaka au wamefiwa, wanauza maandazi na vitumbua, wengine pombe, wengine wana chumba cha kupangisha. Kikundi cha ngoma kilikuwa chao kwa sababu walikuwa na muda wao na pesa zao, hata kama ni kidogo. Ndiyo maana nasema ngoma ni matokeo. Chanzo ni mwanamke anayejitegemea.

Na hapa nataka tusimame kwenye nyumba. Dar ya zamani mwanamke aliyeachwa akipata vijisenti hanunui kitu kingine, anajenga. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, yeye anakaa kimoja, vingine anapangisha. Hiyo ndiyo pensheni yake na ndiyo kinga ya binti yake asije akarudi kwenye ndoa mbaya kwa kukosa pa kulala. Shangazi wa mama yangu alikuwa na nyumba hiyo Kariakoo. Ameachwa mara mbili na hakuna hata mara moja aliyolala kwa watu. Wajukuu tumesomeshwa na kodi ya vyumba vile.

Sasa njooni 1967. Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, linatangazwa Februari, na masharti ya uongozi yanasema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alijiuzulu uongozi wa chama. Watu wameandika kwamba alipenda mali. Mimi nasema aliambiwa achague kati ya kazi yake na kitu pekee ambacho mwanamke wa aina yake alikuwa amejifunza kukiamini. Kwa msomi mwenye mshahara wa serikali na pensheni, kuachia nyumba ya kupangisha ni kupunguza. Kwa mwanamke wa ngoma asiye na cheti, ni kurudi mikononi mwa waume.

#14 Fundi Redio
Binti Kisarawe, hiyo aya ya mwisho naitunza.

#15 Kalamu Nyeusi
Binti Kisarawe, umeandika vizuri, lakini sikubali umfanye Bibi Titi mhanga wa Azimio. Masharti yale hayakumlenga mwanamke. Yalikataza hisa, ukurugenzi kwenye kampuni binafsi, mishahara miwili na nyumba za kupangisha kwa kila kiongozi, mwanamume kwa mwanamke. Wapo wanaume waliouza nyumba zao wakabaki. Mimi baba yangu alikuwa kiongozi wa tawi tu, lakini aliogopa hata kumpangisha mtu banda la uani. Tuliona tabu, ndiyo, ila tuliona pia kuwa kiongozi na mwananchi wanafanana.

Ukisema mwanamke alistahili kuachiwa nyumba zake kwa sababu ameachwa, basi kila mtu ana sababu yake. Mjane ana yake, mwenye watoto kumi ana yake, na sharti linayeyuka. Bibi Titi aliona hakubaliani nalo akaondoka kwa heshima. Hilo ni jambo la kumsifu. Hakudanganya kwa kuandika nyumba jina la mpwa wake, na tunawajua waliofanya hivyo.

#16 Binti Kisarawe
Kalamu Nyeusi, hapo mwisho tuko pamoja, hakuficha. Ila sharti kuwa sawa kwa wote kwenye karatasi hakulifanyi kuwa na uzito sawa mgongoni. Waulize akina mama wa chama wa wakati ule waliobaki na nini walipozeeka. Mwanamume aliuza nyumba akabaki na ajira, na mke, na shamba la baba yake kijijini. Mwanamke aliyeachwa kwa baba yake hana shamba, kaka zake wameshagawana.

#17 Mrufiji Halisi
Msafiri Moshi, la 1965 nimelisikia, nilikuwa sijazaliwa. Wazee wanasema alikuwa mtu wa Dar muda mwingi, jimboni haonekani. Hayo ni yao. Mimi nampenda.

#18 Kijana wa Temeke
Na ile kesi ya uhaini? Nilisikia mahakama ilimwona hana hatia ndiyo akatoka.

#19 Mzee Kirungu
Hapana, kijana. Alikamatwa Oktoba 1969. Walishtakiwa naye, miongoni mwa wengine, Michael Kamaliza aliyekuwa waziri wa kazi na kiongozi wa wafanyakazi, pamoja na maofisa wa jeshi. Upande wa mashtaka ulisema kiongozi wa njama ni Oscar Kambona, aliyekuwa waziri, ambaye alikwishaondoka nchini tangu 1967 na kukaa London. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika nchi hii baada ya Uhuru. Jaji Mkuu Telford Georges, mtu kutoka visiwa vya Karibi, ndiye aliyeisikiliza mwaka 1970. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini.

Bibi Titi alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana siku zote. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamtoa kwa msamaha wa Rais. Kwa hiyo hakutoka kwa mahakama, katoka kwa mkono uleule ambao zamani ulimpisha jukwaani aseme kwanza. Nilikuwa mtu mzima mdogo wakati huo, na ninachokumbuka ni kwamba watu hawakushangilia wala hawakulalamika. Walinyamaza. Waliokuwa wanamwita dada walianza kupita barabara nyingine.

#20 Dada Zuhura
Mzee, ongeza hili: katika kipindi kile mumewe wa wakati huo alimwacha. Kwa hiyo hesabu ni hii: cheo kimekwenda, uhuru umekwenda, ndoa imekwenda, marafiki wamekwenda. Akatoka akaishi kimya hapohapo Dar, miaka na miaka, mpaka mwaka 1991 tulipotimiza miaka 30 ya Uhuru ndipo gazeti la chama likamwandika kuwa shujaa. Amefariki 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya Mwalimu Nyerere.

Hapa ndipo mimi nasimama na MamaTausi, lakini kwa sehemu nyingine ya maisha. Kilichomleta 1955 naweza kuwaachia mbishane. Kilichomsimamisha baada ya 1972 bila kuwa mtu mwenye kisirani, akakubali kukaa na mgeni kama Geiger mwaka 1984 na kumsimulia maisha yake yote, hicho siwezi kukieleza bila imani. Mtu hapiti pale kwa siasa.

Mama yangu mzazi alipofukuzwa kazi kwa tuhuma alizosafishwa baadaye, alikaa nyumbani muda mrefu. Hatukumsikia akimtaja aliyemchongea. Alfajiri anaswali, anaamsha watoto, anakanda unga. Niliwahi kumuuliza, kwa hasira ya ujana, kwa nini hajitetei. Akasema anayemjua ameshamtetea. Nilidhani ni unyonge. Leo nina umri wake wa wakati ule na nimejaribu jambo hilohilo kwa udhalimu mdogo kuliko wake, sikuweza hata nusu.

#21 Kalamu Nyeusi
Dada Zuhura, Mungu amrehemu mama kama ametangulia, na kama yupo mpe shikamoo yangu.

Ila tuwe waangalifu. Ukimya wa mwanamke tunaupenda sana kuuita imani. Huenda alinyamaza kwa sababu hakuna gazeti ambalo lingemchapa. Alipopata mtu wa kumsikiliza, 1984, alisema sana.

#22 Dada Zuhura
Yupo, nitamfikishia. Na hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kaka. Mama naye anasema sana ukimkuta amekaa vizuri.

#23 Msafiri Moshi
Barabara ya Bibi Titi Mohamed pale katikati ya jiji zamani si ilikuwa mtaa wa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika? Kama ndivyo basi wamemrudishia chake. UWT ilipoundwa 1962 yeye ndiye mwenyekiti wa kwanza.

#24 Ilala Bungoni
Ndivyo, mkuu. Na mwaka huohuo 1962 wanawake wa Afrika nzima walikutana Dar, ndiyo asili ya 31 Julai kuwa siku ya wanawake wa Afrika. Wanafunzi wa Mwalimu wa Zamu wajue na hilo, maana wengi wanaijua 8 Machi tu.

#25 Fundi Redio
Nje ya mada kidogo: zile sare za vikundi, walikuwa wananunua kanga moja wote? Nina picha ya nyanya yangu na wenzake wamejipanga, kanga zote doti moja, na mmoja kashika kitu kama mwavuli.

#26 MamaTausi
Fundi Redio, sare ndiyo nusu ya ngoma. Kwenye lelemama kikundi kinatoka na doti mpya, mahasimu wakiona wanakwenda kutafuta ya kuishinda. Kuna masheikh waliokemea sana ubadhirifu ule, na waume waliolia. Hiyo nakubali ni tatizo kwa hoja yangu ya dini: kwa msikiti, mtu wa ngoma hakuwa mfano wa kuigwa. Lakini wanawake wenyewe hawakuona ugomvi. Leo yupo kwenye maulidi, kesho yupo ngomani, na majirani ni walewale. Tunza hiyo picha, nyuma yake huwa wameandika jina la kikundi.

#27 Mwalimu wa Zamu
Nimekuwa kimya, nilikuwa nasahihisha mitihani. Asanteni sana wote. Leo nimewasomea darasani bandiko la 4, la 13 na la 15, nikawaacha wabishane. Wavulana karibu wote wako na Kalamu Nyeusi. Wasichana wamegawanyika, na yule binti mwenye swali kakataa pande zote. Anasema bado hamjamjibu: talaka zilikuwepo kabla ya 1955, dini ilikuwepo, ngoma zilikuwepo, nyumba za kupangisha zilikuwepo. Kipya ni kipi?

Mimi namwelekeza kwa Mzee Kirungu, kwamba kipya ni TANU yenyewe na lile swali la mgeni. Lakini hilo linaniudhi kidogo, maana linamfanya Bibi Titi kuwa mtu aliyeokotwa njiani. Mtu anayeokotwa hakusanyi watu 5,000.

Kuna yeyote mwenye mzee aliye hai aliyekuwa kwenye mikutano ile?

#28 Ilala Bungoni
Mwalimu, umenifanya niende kwa nyanya mdogo, mdogo wake bibi niliyemtaja. Wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na kidogo, anafuatana na dada yake. Nimemkuta baada ya Alasiri, ndiyo saa anayotaka kuzungumza, na masikio bado mazima.

Anasema kwao Ilala walikuwa wanakusanyika kwanza nyumbani kwa mama mmoja mwenye uwanja mpana. Inasomwa dua, halafu wanajifunza nyimbo za siku hiyo, zile zile nyimbo za ngoma yao zimebadilishwa maneno, TANU imewekwa palipokuwa na jina la mahasimu. Halafu wanapanda lori kwenda uwanjani huku wanaimba, na kazi ya watoto ni kubeba maji. Nilimuuliza dada yake alichukua kadi kwa nini. Sababu ya kwanza aliyonipa ni kwamba kikundi kizima kilichukua, na asingeweza kubaki yeye peke yake kama mgonjwa. Ya pili, shemeji yake, yaani babu yangu, alikuwa anataka habari. Ya tatu aliitoa baada ya kunyamaza sana: mwanamke alikuwa amesimama juu pale, na sauti yake inafika nyuma walikokaa wao. Walikuwa hawajawahi kukaa nyuma na kusikia kila neno.

Nikamuuliza, je, lilikuwa jambo la dini? Akaniangalia kwa mshangao, akasema kwani kuna jambo lisilo la dini?

#29 Mwalimu wa Zamu
Hii naipeleka darasani kesho asubuhi. Mfikishie shikamoo zetu.

#30 Kalamu Nyeusi
Kikundi kizima kilichukua, na maneno ya nyimbo yakabadilishwa. Mwalimu, ushahidi wa bandiko lako la kwanza huo hapo. Nyanya kaitaja ngoma kabla ya kitu kingine chochote.

#31 MamaTausi
Kabla ya ngoma ilisomwa dua, kaka. Rudi usome bandiko la 28 taratibu.

#32 Binti Kisarawe
Na mama mwenye uwanja mpana alikuwa na mume? Ilala Bungoni, ukirudi muulize nyumba ile ilikuwa ya nani.

#33 Mzee Kirungu
Na lori. Lori halitembei kwa nyimbo. Muulize lilikuwa la nani na mafuta alitia nani.